Jimmy Speirs: Nahodha aliyeipa Bradford City kombe lake kubwa la pekee

Ukitazama fainali ya Kombe la FA la Uingereza kwenye kibanda umiza, kombe lile la fedha linaloinuliwa mwishoni lina umbo lililotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1911. Nahodha wa kwanza kulitwaa alikuwa Mskochi, Jimmy Speirs. Timu yake haikuwa Arsenal wala Liverpool, ilikuwa Bradford City.

Speirs alizaliwa Machi 22, 1886, Govan, eneo la wajenzi wa meli ambalo leo ni sehemu ya jiji la Glasgow. Alichezea Rangers, kisha Clyde, na mwaka 1908 aliitwa timu ya taifa ya Scotland kucheza na Wales. Huo ndio ulikuwa mchezo wake pekee wa kimataifa. Mwaka 1909 alivuka mpaka kwenda kusini, Bradford.

Bradford ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, kaskazini mwa Uingereza. Watu wake walipenda zaidi raga. Bradford City yenyewe ilizaliwa mwaka 1903, pale klabu ya raga ya Manningham ilipoamua kuhamia soka. Miaka mitano baadaye ilipanda daraja la kwanza. Kocha wake, Peter O'Rourke, naye alikuwa Mskochi, na alijaza kikosi kwa vijana wa kwao. Speirs akapewa unahodha.

Msimu wa 1910/11 ulikuwa wa aina yake. Kwenye ligi, Bradford City ilimaliza nafasi ya 5, ambayo mpaka leo haijawahi kuipita. Kwenye Kombe la FA iliitoa timu moja baada ya nyingine, na katika nusu fainali iliichapa Blackburn Rovers 3-0.

Fainali ilikuwa dhidi ya Newcastle United, mabingwa watetezi wa kombe hilo, ambao pia walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mara tatu kati ya 1905 na 1909. Mechi ilichezwa Aprili 22, 1911, uwanja wa Crystal Palace, London, ikaisha 0-0. Siku hizo hakukuwa na mikwaju ya penalti. Timu zikitoka sare, mechi inarudiwa siku nyingine.

Siku nne baadaye zikakutana tena Old Trafford, Manchester, mbele ya watazamaji wapatao 58,000. Dakika ya 15, Speirs alipiga mpira kwa kichwa, ukampita kipa Jimmy Lawrence, Mskochi mwenzake, ukaingia wavuni. Newcastle walishambulia muda wote uliobaki bila kupata bao. Bradford City 1, Newcastle 0.

Kombe jipya lilikuwa limetengenezwa na kampuni ya Fattorini, ya hapo hapo Bradford. Kwa hiyo mwaka wa kwanza tu wa kushindaniwa, kombe lilirudi mjini lilikotoka.

Speirs alihamia Leeds City Desemba 1912. Vita Kuu ya Kwanza, ile iliyofika hadi Tanga na Taveta huku kwetu, ilipoanza mwaka 1914, yeye alikuwa bado anacheza. Mei 1915 aliacha mpira na kujiunga na kikosi cha Waskochi cha Cameron Highlanders. Hakulazimishwa: sheria ya kuwalazimisha wanaume kwenda jeshini ilikuja mwaka uliofuata. Alikuwa na mke na watoto wadogo.

Akapanda cheo hadi sajini. Mwaka 1917 alitunukiwa Medali ya Kijeshi kwa ushujaa. Agosti 20 mwaka huo huo aliuawa katika mapigano ya Passchendaele, Ubelgiji, akiwa na miaka 31. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya wanajeshi ya Dochy Farm, karibu na mji wa Ypres.

Bradford City imepanda na kushuka madaraja mara nyingi tangu hapo, lakini kombe kubwa halijarudi tena. Zaidi ya miaka 100 sasa, mashabiki wake wana bao moja la kuwasimulia wajukuu, la kichwa, dakika ya 15. Mfungaji hakupata nafasi ya kuwasimulia wa kwake.