Mtoto wa Nyumba ya Maskini

Sisi tunaotoka Mbale kwenda Kampala, basi likifika Jinja hukimbilia madirishani tuuone Mto Nile. Maporomoko ya Ripon hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954. Hapo alifika H. M. Stanley mwaka 1875, yule ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Safari zake tulizisoma darasani. Utoto wake hatukuusoma.

Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuoana, na katika daftari la kanisa aliandikwa mwana wa haramu. Mama yake akamwachia babu. Babu alipofariki mwaka 1846, wajomba wakamweka kwa mzee Price na mkewe, wakilipa shilingi mbili na nusu kila juma. Kisha wakachoka kulipa.

Februari 1847, kijana wa Price akambeba mabegani, akamwambia kwamba wanakwenda kwa ndugu ya mama yake. Kumbe ni uongo. Walisimama mbele ya jumba la mawe huko St Asaph, nyumba ya maskini. Kengele ikalia, mtoto akaingizwa, mlango ukafungwa. Alikuwa na miaka sita.

Wengi wetu tukisikia mtoto ameteswa, twatafuta alama za fimbo mgongoni. Huyu alilishwa, akavishwa, akafunzwa kusoma. Lakini alipokuwa na miaka tisa hivi, mama yake naye aliingia nyumba ile pamoja na watoto wengine wawili. Mwalimu akamwonyesha mwanamke huyo, akamwuliza kama anamjua. Hakumjua. Alipoambiwa ni mama yake, akamgeukia kwa haya. Mama akamtazama kama mgeni. Stanley alikisimulia kisa hicho uzeeni, wala hakuwa amekisahau.

Mwaka 1862, mwaka ule ule Speke alipoyaona maporomoko yetu, Stanley alirudi kutoka Marekani, mgonjwa na nguo zimechakaa, akabisha mlangoni kwa mama yake. Akafukuzwa.

Basi tazameni alama zake. Alijipa jina jingine. Alidai ni Mmarekani, na magazeti yalipofichua mwaka 1872 kwamba ni mtu wa Wales, akakana. Aliandika kwamba alimpiga mwalimu wake akatoroka, lakini daftari la nyumba lasema alikwenda kwa ndugu zake tu. Agosti 1875 aliua watu wengi katika kisiwa cha Bumbire, katika ziwa letu hili. Sisemi kwamba utoto wake wamwondolea lawama hiyo.

Mwaka 1896 yeye na mkewe Dorothy walimchukua mtoto mchanga, Denzil, wakamlea kama mwana wao. Stanley alifariki Mei 1904. Kitabu cha maisha yake, ambacho utoto huu wote umo, hakukimaliza. Mkewe alikitoa mwaka 1909.