Sanduku la Dawa Lililoibwa

Mafungu ya kusoma: Mathayo 6:9-15, 2 Wakorintho 4:7-10

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Baadaye alisomea udaktari, akafuzu mwaka 1840, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa melini kuja Afrika kama mmisionari.

Huku alijifunza kutibu mahali pasipo hospitali. Mwaka 1844 simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto, nao ukaunga vibaya. Kwa ajili ya homa alitengeneza vidonge vya kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha, vikawafaa wengi safarini. Hata hivyo mke wake, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Daktari hakuweza kumwokoa mgonjwa aliyempenda kuliko wote.

Mwaka 1866 alitoka Zanzibar, akashuka Mikindani, akaelekea bara. Tarehe 20 Januari 1867, msituni, wanaume wawili wa msafara wake walitoroka. Mmoja alikuwa amebadilishana mzigo na kijana aliyezoea kulitunza sanduku la dawa. Mvua kubwa ikafuta nyayo zao. Dawa zote zilikuwa katika sanduku hilo moja. Livingstone aliona kana kwamba amehukumiwa kifo.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu alikiri kwamba ni vigumu kumwambia Mungu kwa moyo wote mapenzi Yake yatimizwe, lakini alisema atajaribu. Kisha akawatetea waliomwibia: waliuzwa utumwani wakiwa wadogo, naye aliona kwamba utumwa ni shule mbaya kuliko zote ya kujifunza uaminifu. Yeye aliyekuwa na haki ya kulaani aliutupia lawama utumwa.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Mwaka 1869 alifika Ujiji akiwa amebebwa, mapafu yakimsumbua. Mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimlaza kwa majuma mengi huko Manyema. Alisaga jiwe la kijani pamoja na maji, akapaka kwa unyoya wa ndege. Alitumia kilichopatikana.

Mapema Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Huko London, daktari aliutambua kwa ule mfupa uliovunjwa na simba. Wabebaji wale hawakuwa na amri ya mtu yeyote. Walilipa fadhili kwa fadhili.

Mwaka 1917, miaka 50 baada ya wizi ule, majeshi ya vita kuu yalinaswa na mvua katika bonde la Rufiji. Malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko risasi, hasa wapagazi. Wengi wao hawakuandikiwa hata jina kaburini.

Leo ndugu wa Mtawanya, Kibiti na visiwa vya delta wanajua maana ya kumsafirisha mgonjwa kwa mtumbwi huku maji yakipwa. Maisha haya yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, tusifunge dawa zote katika mzigo mmoja. Kujiandaa si kukosa imani. Pili, sanduku likipotea, huduma haijaisha. Mikono iliyobaki, moyo usio na kinyongo na Mungu aliyeahidi kuwa pamoja nasi bado vipo.

Kwa mjadala: Ni nani aliyekuibia kitu ambacho hakiwezi kurudishwa? Ungemwombea nini Sabato hii?