Jacob Moreno, daktari aliyechora ramani ya urafiki

Mwaka 1932, katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, wasichana 14 walitoroka shule ya maadilisho ndani ya wiki mbili. Waliishi nyumba tofauti, na wasimamizi hawakuelewa ni nini kilichowaunganisha. Aliyepata jibu ni daktari Jacob Moreno, ambaye tunamkumbuka katika makala haya.

Moreno alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1889, akakulia Vienna, Austria, na kusomea udaktari huko. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitibu wakimbizi kambini. Aliona kuwa shida nyingi zilitokana na watu kupangwa kuishi pamoja bila kuulizwa. Mwaka 1925 alihamia Marekani.

Shule ya Hudson ilikuwa na wasichana zaidi ya 500. Moreno na mwenzake, Helen Hall Jennings, waliwauliza wangependa kuishi na nani. Kisha wakachora: kila msichana alama, kila chaguo mstari. Mchoro huo unaitwa sosiogramu. Ikaonekana kwamba watoro waliunganishwa na mistari ya urafiki iliyovuka kuta za nyumba zao. Wazo la kutoroka lilipita humo.

Je, mistari hiyo haikuwa bahati tu? Jennings, aliyejua takwimu, na mwanahisabati Paul Lazarsfeld walisaidia kupima jambo hilo. Tuchukue wasichana 26, kila mmoja aokote majina matatu ya wenzake bila kuangalia. Kwa wastani, jozi zitakazookotana ni kama tano, na asiyeokotwa na yeyote ni mmoja hivi. Wasichana walipochagua wenyewe, waliochaguana walikuwa wengi kuliko hesabu hiyo, na waliokosa kuchaguliwa pia walizidi. Kumbe upweke ule haukuja kwa bahati mbaya. Kwa hiyo ungeweza kuonekana mapema na kushughulikiwa. Wasichana wapya wakaanza kupangiwa nyumba kwa kuzingatia nani anamtaka nani.

Moreno alichapisha kazi hiyo katika kitabu mwaka 1934, na mwaka 1937 akaanzisha jarida la Sociometry. Alifariki mwaka 1974.

Leo simu yako ikikupendekezea rafiki, inafuata alama na mistari ya namna hiyo. Moreno alitazama pia ile alama isiyofikiwa na mstari wowote.