Gary Kildall

Gary Arlen Kildall (Seattle, Washington, 19 Mei 1942 – Monterey, California, 11 Julai 1994) alikuwa mtaalamu wa kompyuta na mwalimu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kutunga CP/M, mfumo wa uendeshaji ulioenea sana katika kompyuta ndogo za miaka ya 1970. Ndani yake alianzisha sehemu iliyoitwa BIOS, ambayo iliwezesha mfumo mmoja kufanya kazi kwenye mashine za watengenezaji wengi tofauti.

Maisha ya awali

Kildall alizaliwa katika familia iliyomiliki shule ya unahodha mjini Seattle. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Washington, kwanza akilenga kuwa mwalimu wa hisabati, kisha akavutiwa na kompyuta. Wakati wa utumishi wake jeshini alifundisha katika chuo cha uzamili cha Jeshi la Majini huko Monterey, akaendelea kufundisha hapo hata baadaye. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu.

CP/M

Alinunua prosesa ya Intel 4004 na kuanza kuiandikia programu, kisha akawa mshauri wa kampuni ya Intel. Mwaka 1973 aliitungia Intel lugha ya programu ya PL/M. Mwaka uliofuata alikamilisha CP/M, iliyoiwezesha kompyuta ndogo kutunza mafaili kwenye diski za flopi. Intel haikutaka kuuchukua mfumo huo. Kildall na mke wake, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni yao iliyokuja kuitwa Digital Research, mjini Pacific Grove, California.

BIOS na usanidi wa vifaa

Wakati huo kila mtengenezaji alikuwa na diski, skrini na printa za namna yake. Mfumo ulioandikwa kwa mashine moja haukuweza kutumika kwenye nyingine bila kubadilishwa, na kila mteja mpya alimrudisha Kildall kwenye kazi ileile. Kampuni ya IMSAI ilipohitaji CP/M kwa ajili ya mashine zake, alikusanya mahali pamoja mambo yote yanayotegemea vifaa, akayatenga na mfumo uliobaki.

Hivyo CP/M ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilipokea amri za mtumiaji. Ya pili, iliyoitwa BDOS, ilishughulikia mafaili na haikubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Ya tatu, BIOS, ilikuwa na kazi chache za msingi: kupokea herufi kutoka kibodi, kuonyesha herufi kwenye skrini, kuchagua diski, kusoma na kuandika. Mtengenezaji wa kompyuta mpya alihitaji kuandika BIOS tu. Programu zilizotegemea BDOS hazikuhitaji kujua ni kifaa gani kilichopo chini yake.

Toleo la pili la mwaka 1979 lilisonga mbele zaidi. Ukubwa na mpangilio wa diski viliwekwa katika majedwali ya namba ndani ya BIOS, hivyo diski ya aina mpya iliweza kuelezwa kwa mfumo bila kuigusa BDOS.

Kwenye kompyuta kubwa mifumo yenye sehemu maalumu za vifaa ilikuwapo tayari. Mchango wa Kildall ulikuwa kulileta jambo hilo kwenye mashine ambazo mtu binafsi aliweza kuzinunua.

IBM

Mwaka 1980 wajumbe wa IBM walifika Pacific Grove kutafuta mfumo kwa ajili ya kompyuta yao mpya. Kildall, aliyekuwa rubani, alikuwa ameondoka kwa ndege yake kupeleka kazi kwa mteja mwingine. Dorothy na mwanasheria wa kampuni walisita kutia sahihi mkataba wa usiri. Baadaye ilienea hadithi kwamba Kildall alipoteza bahati hiyo kwa sababu ya kuruka angani kwa starehe, lakini safari ile ilikuwa ya kikazi, na tofauti kubwa ilihusu malipo: IBM ilitaka kulipa mara moja tu.

IBM ilikubaliana na Microsoft, ambayo ilinunua mfumo wa 86-DOS uliofuata kwa karibu namna CP/M ilivyopokea maombi ya programu. Kildall alilalamika, na IBM ikakubali kuuza pia CP/M-86. Hata hivyo iliuzwa kwa dola 240, wakati PC DOS ilikuwa dola 40. Wanunuzi wengi walichagua ya bei nafuu.

Miaka ya baadaye

Kuanzia mwaka 1983 hadi 1990 Kildall alikuwa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles. Kampuni nyingine aliyoianzisha ilishiriki kutoa kamusi elezo ya Grolier kwenye diski ya CD-ROM mwaka 1985. Digital Research ilinunuliwa na Novell mwaka 1991.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 52, siku tatu baada ya kuumia kichwani mjini Monterey.

Urithi

Jina BIOS lilihamia kwenye programu iliyohifadhiwa katika chipu ya kompyuta na inayoamka kabla ya mfumo wa uendeshaji. Fundi wa Sumbawanga anayewasha kompyuta na kuingia kwenye mipangilio ya BIOS ili ianze kwa flashi badala ya diski anatumia neno lililotoka CP/M.

Utengano wa aina hiyo unaonekana pia katika Linux. Anayeandaa kiini chake huchagua draiva za kujengwa ndani, za kupakiwa zinapohitajika, na za kuachwa, huku programu za watumiaji zikibaki zilezile.

Mwezi Aprili 2014 shirika la wahandisi la IEEE liliweka bamba la kumbukumbu ya CP/M mbele ya jengo la zamani la Digital Research huko Pacific Grove.