Sherman Fairchild na Taa Zake Ishirini

Wazee watazikumbuka redio za taa, zile ambazo ukizifungua wangoja kwanza zipate moto ndipo zinene. Mmoja katika waliozipandisha cheo taa hizo, na papo hapo akazichimbia kaburi, ni Mmarekani Sherman Fairchild.

Alizaliwa mwaka 1896 Oneonta, jimbo la New York, mwana pekee wa George Fairchild, mwenyekiti wa kampuni iliyokuja kuitwa IBM. Mali alirithi, afya hakujaliwa: kifua kikuu kilimtoa chuo cha Harvard kikampeleka Arizona. Akashika kamera za kupigia picha kutoka angani, kisha akaunda na ndege za kuzichukua. Muziki aliupenda mno, na kwa kutoridhika na jinsi ulivyonaswa akaanzisha kampuni ya mitambo ya kurekodi.

Mwaka 1959 kampuni hiyo ilitoa chombo 670, kazi ya fundi Rein Narma, mzaliwa wa Estonia. Huizuia sauti isiruke kupita kiasi santuri inapochongwa. Kina taa 20 na uzito wa kilo zipatazo 30. Zote za nini? Sauti yenyewe hupita katika taa 6386, nne kila upande, zinazoipunguza kadiri zinavyoamrishwa na umeme. Lakini amri ikichelewa, sauti imekwisha kuruka. Ili ifike kwa humusi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, yataka nguvu. Basi Narma akaweka kando kikuza sauti kizima, chenye taa mbili za nguvu, 6973, kwa kila upande. Hakuna sikio lizisikialo. Kazi yao ni kusukuma amri tu. Mwingine angalibania hapo kwa kuogopa gharama. Studio za Abbey Road, London, zilitumia nduguye, 660, katika nyimbo za Beatles.

Na ajabu ni hii. Mwaka 1957 kampuni ya kamera ya Fairchild iliwapa fedha vijana wanane wa California waliomhama William Shockley, wafanye transista za silikoni. Mwaka ule ule wa 1959, wawili wao, Jean Hoerni na Robert Noyce, wakabuni njia za kuweka transista, hata sakiti nzima, juu ya kijipande kimoja. Taa zikaanza kuzimika viwandani.

Fairchild alifariki Machi 1971, hakuwahi kuoa. Miezi minne baadaye kamera ya kampuni yake ikaupiga picha mwezi kutoka Apollo 15. Na zile 670 zilizobaki, mafundi wangali wazinunua kwa bei ya gari.