Mwenda wa Bayeke: vidole viwili na mashine

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Bayeke. Wasomaji wetu wa Tanzania watafurahi kukumbushwa kwamba Bayeke walitoka kwao, upande wa Usumbwa, wakafika Katanga katika karne ya 19 wakifuata shaba na pembe za ndovu. Mfalme wao Msiri aliuawa Bunkeya mwezi wa Desemba 1891, msafara wa Stairs ulipokuja kuiteka nchi. Jina Mwenda ni la historia hiyo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipoamuru watu waache majina ya kizungu, mwanamuziki wetu hakuwa na kazi ya kutafuta jina jipya. Alikuwa nalo tayari: Mwenda wa Bayeke.

Alipokuwa kijana alikaa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mji huo uliishi kwa migodi. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wameletwa kutoka pande nyingi, kila mtu na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya msimamizi. Si Kiswahili cha Unguja. Ni kile cha kwetu, kinachosema bantu na batoto, ambacho walimu wengi bado wanakisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwenda aliimba kwa lugha hiyo. Gita nalo lilifaa maisha ya kambi: mtu alilinunua dukani, akalipiga jioni mbele ya nyumba, bila bendi na bila umeme.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville na kumsikia kijana huyo wa miaka 22. Tracey alikuwa na desturi ya kushika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe na kukisogeza karibu na chombo. Alirekodi nyimbo kadhaa, na mmoja wao ukazidi mengine yote: "Masanga". Ulitoka kwenye sahani ya santuri ya Gallotone, ambayo upande mmoja ulibeba dakika tatu tu au zaidi kidogo, ukapata tuzo ya Osborn ya mwaka huo.

Anayesikia "Masanga" kwa mara ya kwanza huuliza wapigaji ni wangapi. Ni mmoja. Tena mkono wake wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika sauti za chini na kutembea nazo; kidole cha shahada kinacheza juu, na mara nyingi hakikubaliani na gumba kuhusu mahali pigo linapoanza. Ukihesabu kwa mbili, wimbo unakubali. Ukihesabu kwa tatu, unakubali pia. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanaojaribu kuupiga wanapokwama, kwa sababu kujua noti hakutoshi; ni lazima mikono miwili ya hesabu iendeshwe na mkono mmoja wa nyama.

Mtu aliyeliona jambo hilo vizuri hakuwa mpiga gita kwa kazi. David Rycroft alikuwa mwanaisimu wa lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1961 na 1962 alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, akiandika noti kwa noti. Sisi wa idara ya lugha tujivunie kidogo: sikio lililozoea toni za Kizulu lilisikia kwamba Mwenda hakurudia mzunguko mmoja vilevile mara mbili. Alikuwa anatunga huku akipiga.

Kufika mwisho wa miaka ya 1950 sahani zake zilikuwa zimevuka mipaka. Alikwenda Nairobi, akawa na kipindi cha redio kilichotangaza dawa ya Aspro. Hakukaa huko muda mrefu, lakini kizazi kizima cha wapiga gita wa Kenya kilijifunza kwa kumsikiliza, na Edouard Masengo, ndugu yake, naye alijulikana huko. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Sifa hizo hazikumlisha. Kwa miaka mingi alikaa Lubumbashi akifanya kazi nyingine, benki na Gécamines zikiwemo, na gita likabaki la baada ya saa za kazi. Mwaka 1988 alirekodi albamu Cape Town, akarudia nyimbo zake za zamani. Mwezi wa Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari.

Miaka sita baadaye, 1996, kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa kanuni ya VST, na tangu toleo lake la pili, la 1999, sinthesaiza nzima inaweza kuwa programu ndogo, plagini, inayochomekwa ndani ya programu kubwa ya kutengeneza muziki. Kijana wa Kakanda mwenye kompyuta anaweza leo kupata gita bila kununua gita. Plagini za namna hiyo zimejengwa kwa sampuli: mtu alipiga kila noti peke yake, kwa nguvu na kwa ulaini, zikarekodiwa na kupangwa. Bonyeza kibao, noti inatoka. Sioni dhambi katika hilo. Gita lenyewe lilikuwa chombo cha kigeni lilipofika Jadotville.

Shida iko kwenye gridi. Programu inamtaka mtunzi achague hesabu kabla ya noti ya kwanza, kisha kwa amri moja inasogeza kila pigo lililoteleza mpaka lilale juu ya mstari. Ukiipitisha "Masanga" humo, ama mbili inakufa ama tatu inakufa. Ni sawasawa na yule anayeandika maneno ya nyimbo za Mwenda na kugeuza kila ba- kuwa wa- ili karatasi ipendeze. Herufi zote zipo, mtu wa Likasi hayupo. Amri hiyo inaweza kuzimwa, na gridi inaweza kugawanywa upya, lakini ni lazima kwanza mtumiaji ajue kwamba kuna kitu cha kulindwa, na hilo haliandikwi kwenye maelekezo ya plagini.

Halafu kuna suala la jina. Rekodi za 1952 zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Tracey aliandika kadi kwa kila wimbo: nani alipiga, chombo gani, lugha gani, mahali gani, mwaka gani. Sekunde nne zikikatwa kutoka kwenye wimbo huo na kuwekwa kwenye benki ya sampuli, kadi haikatwi pamoja nazo. Faili linaweza kuitwa gita la Afrika namba 12, na kijana wa Kakanda akalinunua kutoka ng'ambo kwa kadi ya benki, bila kujua kwamba lilipigwa katika mji anaokwenda kununua vocha.