Ettore Majorana

Ettore Majorana (Catania, Sicilia, 5 Agosti 1906 – alitoweka Machi 1938) alikuwa mwanafizikia wa nadharia kutoka nchi ya Italia. Anakumbukwa hasa kwa kubuni nadharia ya chembe ambayo ni antichembe ya nafsi yake, na kwa jinsi alivyotoweka akiwa na umri wa miaka 31 tu. Katika uhai wake alichapisha makala 9 za kisayansi.

Maisha

Majorana alikuwa mtoto wa nne kati ya watano. Baba yake, Fabio Massimo, alikuwa mhandisi, na Quirino Majorana, ndugu wa baba yake, alikuwa profesa wa fizikia. Tangu utotoni alijulikana kwa wepesi wa kupiga hesabu ngumu kichwani.

Mwaka 1923 alianza masomo ya uhandisi mjini Roma. Mwaka 1928, kwa kushawishiwa na mwanafunzi mwenzake Emilio Segrè, alihamia fizikia na kujiunga na kundi la Enrico Fermi katika mtaa wa Panisperna. Alihitimu mwaka 1929 kwa tasnifu kuhusu viini vya atomu vyenye unururifu.

Wenzake walisimulia kwamba mwaka 1932 alitambua, kutokana na majaribio yaliyofanyika Paris, kuwa ndani ya kiini cha atomu kuna chembe isiyo na chaji yenye tungamo karibu sawa na la protoni. Fermi alimhimiza achapishe wazo hilo, lakini alikataa. Mwaka huohuo Mwingereza James Chadwick alithibitisha kuwepo kwa nyutroni, na sifa ikawa yake.

Mwaka 1933 Majorana alikwenda Leipzig, Ujerumani, alikofanya kazi na Werner Heisenberg. Aliporudi Roma afya yake ilikuwa dhaifu, na kwa takriban miaka minne alijitenga na watu. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Napoli bila kupitia mashindano ya kawaida, kwa sababu ya sifa zake. Alianza kufundisha Januari 1938.

Nadharia yake

Mwaka 1928 Paul Dirac alitoa mlinganyo uliobashiri kwamba elektroni ina antichembe yenye tungamo lilelile lakini chaji kinyume, yaani positroni. Mwaka 1937 Majorana alionyesha kwamba chembe isiyo na chaji inaweza kufuata mlinganyo ambamo chembe na antichembe ni kitu kimoja. Elektroni haiwezi kuwa hivyo, kwa kuwa ina chaji hasi. Majorana alitaja nyutrino kuwa huenda ikawa hivyo. Hadi leo wanasayansi wanalichunguza jambo hilo kwa kutafuta aina adimu sana ya mbunguo wa viini vya atomu, ambamo elektroni mbili hutoka bila nyutrino yoyote.

Kutoweka

Tarehe 25 Machi 1938 Majorana alipanda meli kutoka Napoli kwenda Palermo, akiwa amemwandikia barua ya kuaga mkuu wake wa kazi, Antonio Carrelli. Kutoka Palermo alituma simu ya maandishi na barua nyingine, akieleza kwamba amebadili nia na atarudi. Hakuonekana tena. Serikali ilimtafuta na familia iliahidi zawadi ya lire 30,000, lakini maiti yake haikupatikana. Wengine walidhani alijiua, wengine kwamba aliingia katika monasteri au alihamia Amerika Kusini. Mwaka 2015 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Roma ilifunga uchunguzi wake, ikiamini kwamba aliishi Venezuela katika miaka ya 1950. Si wote waliokubali.

Urithi

Jina la Majorana limerudi kwa nguvu katika utafiti wa hali za kitopolojia za maada. Topolojia ni tawi la hisabati linalohusu sifa za umbo zisizobadilika hata likivutwa au kupindwa, mradi lisikatwe. Mwaka 2001 Alexei Kitaev alieleza kwamba katika waya mwembamba sana wa supakondakta, yaani maada inayopitisha umeme bila ukinzani, elektroni zikishirikiana zinaweza kufanya hali ya Majorana ijitokeze katika kila ncha. Hiyo si chembe huru kama ile ya mwaka 1937, bali ni mwenendo wa pamoja wa elektroni nyingi.

Kwa kuwa habari huhifadhiwa katika ncha mbili zilizo mbali, vurugu ndogo ya mahali pamoja haiwezi kuiharibu kwa urahisi. Ndiyo sababu hali hizo zinatarajiwa kusaidia kujenga kompyuta za kwanta zisizokosea ovyo. Hata hivyo, kuzithibitisha kumekuwa kugumu: mwaka 2012 watafiti wa Delft, Uholanzi, walitangaza dalili zake, lakini makala iliyofuata ya mwaka 2018 iliondolewa na waandishi wake mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa katika uchambuzi wa data.